Kontrol boksi ya IST imekufa kweli, au nauziwa mbuzi kwenye gunia? (Mwanza)

#1 Igoma_Mwisho
Wakuu, mwangaluka.
Gari ni IST ya 2003, NCP60, injini 2NZ-FE, otomatiki. Imeoshwa injini kwa mashine ya presha jioni, ikarudi nyumbani vizuri tu. Asubuhi stata inazungusha kwa nguvu ila gari haliwaki. Plagi hazina moto, nozeli hazipigi, pampu ya mafuta kimya. Fundi kachomeka skana, ikaandika hakuna mawasiliano. Hukumu yake: kontrol boksi (komputa ya injini) imekufa, toa hela tuagize Dar.
Kabla sijatuma hela, kuna namna ya kuhakikisha imekufa kweli? Na ya mtumba unachomeka tu na kuondoka, au kuna kuprogramu?

#2 Kirumba_Mwaloni
Nimeweka kigoda hapa. Mafundi karibuni.

#3 Volti12
Tuanze na hiyo skana. Kama ni kile kidude cha bluetooth, ELM327, usikipe cheo cha hakimu. Toyota zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka ile zilizungumza lugha yao kwenye pini namba 7 ya soketi ya uchunguzi, na vidude vya bei chee vinajua lugha za Marekani na Ulaya tu. Gari zima, linalonguruma, bado kitakuandikia hakuna mawasiliano.
Swali la maana ni moja: ukiweka funguo ON bila kupiga stata, taa ya cheki injini inawaka kwenye dashibodi?

#4 Igoma_Mwisho
Haiwaki mkuu. Ya oili inawaka, ya betri inawaka, ya handbreki inawaka. Ya injini ndiyo giza.

#5 MzeeWaEthi
Ethi hiyo, yaani njia ya hasi kurudi kwenye betri. Siku zote watu wanakimbilia kununua boksi, kumbe boliti moja imelegea.
Komputa ya Toyota ina ethi zaidi ya moja: E1 ni ya ubongo wenyewe, E01 na E02 ni za kazi nzito za nozeli. Zote zinaishia kwenye boliti za injini au bodi. Usizipime kwa ohmi, ohmi zinadanganya, uzi mmoja uliobaki ndani ya waya ulioliwa utakusomea sifuri safi. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye kichwa cha betri chenyewe cha hasi (si kwenye bodi), ncha nyekundu kwenye pini ya E1 huku koneta ikiwa imechomekwa kwenye komputa. Weka ON, kisha mtu apige stata. Ikizidi 0.1 volti, anza kutafuta boliti. Ikifika 0.5, usihangaike na kitu kingine kwanza.

#6 Binti_Pasiansi
Ethi inawezekana, lakini hujagusa upande wa chanya, mzee. Kwa dalili za #1 na #4 mimi naanza na rilei kuu ya EFI (swichi ya umeme inayolisha komputa na mfumo wa nozeli) na fyuzi yake. Hiyo rilei ndiyo inayopeleka umeme kwenye pini ya +B. Ikifa: cheki injini giza, moto hakuna, nozeli hakuna, skana bubu. Dalili zote za boksi iliyokufa, na rilei ni kipuri cha kuchomoa kwa vidole.
Halafu hilo la pampu kimya lisitutishe. Kwenye hizi Toyota pampu haipigi ukiweka ON tu kama magari ya Ulaya. Inasubiri stata na ishara ya sensa ya krenki. Kimya kwenye ON ni kawaida.

#7 Igoma_Mwisho
Fyuzi ya EFI nzima. Rilei nimebadilishana na nyingine inayofanana nayo kwenye kasha lilelile, hali ni ileile.

#8 Kipuri_Used_Ilemela
Basi ndiyo imekwenda. Maji yameingia. Nina za IST dukani, ukiichukua leo kesho unaendesha.

#9 Binti_Pasiansi
#8 biashara haigombi, lakini mwache mtu apime kwanza. Fyuzi nzima haimaanishi umeme unafika. Na kubadilishana rilei kunathibitisha rilei tu. Soketi inayokaa rilei ikiwa na kutu ya kijani, rilei kumi hazitasaidia.

#10 Fundi_wa_Mtaro
Mmesahau jambo moja, na kwa mwosha injini ndilo la kwanza kufikiria: VC.
Komputa inapokea volti 12, inatengeneza volti 5 zake za kulisha sensa. Waya wa hizo 5 unaitwa VC, unaenda kwenye sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), na kama throto ni ya umeme unaenda pia kwenye pedali ya mafuta. VC ikigusana na ethi, kwa maji ndani ya koneta au waya uliochubuka nyuma ya injini, volti 5 zinaanguka na ubongo unazima pamoja nazo. Cheki injini giza, mawasiliano hakuna. Boksi ni zima kabisa, limekabwa koo tu.
Jaribio: ON, pima VC kwenye koneta ya sensa ya throto. Inatakiwa kati ya 4.5 na 5.5. Ukikuta chini ya 1, chomoa sensa hiyo. Taa ya cheki injini ikirudi ghafla, umempata mwizi.

#11 Dereva_Hiace
Na sensa ya krenki nayo ichomolewe, mara nyingi ndiyo inashoti.

#12 Fundi_wa_Mtaro
Kwenye injini za NZ, familia ya hiyo 2NZ-FE, hapana, mkuu. Sensa ya krenki na ya kamshafti pale ni koili tupu ya waya mbili, inazalisha umeme wake yenyewe jino linapopita. Haili volti 5, kwa hiyo haiwezi kuziangusha. Ikifa utakosa moto, lakini cheki injini itawaka kwenye ON kama kawaida. Unachosema ni kweli kwa magari yenye sensa za waya tatu.
Hata sensa ya hewa ya NZ inakula 12 kutoka +B, haimo kwenye VC.

#13 Nyegezi_Corner
Tatizo letu ni hewa ya ziwa. Chumvi inakula kadi za komputa. Magari ya Mwanza yanakufa boksi kuliko ya Dodoma kwa sababu hiyo.

#14 Volti12
#13 chumvi ya wapi tena? Ziwa Victoria ni maji baridi, tunakunywa. Chumvi ni habari za Tanga na Dar. Huku kinachoua ni unyevu, vumbi lililolowa, na mtu mwenye mashine ya presha anayelenga kasha la fyuzi kwa sentimita kumi.

#15 Nyegezi_Corner
Haya, chumvi naondoa. Unyevu nabaki nao.

#16 Mama_Probox
Unyevu hata mimi nauunga mkono, na ongeza maji ya samaki. Gari linalobeba masanduku ya sangara na barafu, barafu ikiyeyuka inaenda chini ya zulia. Subaru Impreza na Forester nyingi za zamani komputa imelala sakafuni, miguuni pa abiria wa mbele, chini ya zulia na bati. Ndoo moja ya maji ya barafu inatosha. Na hayo yana chumvi na damu ya samaki, kwa hiyo #13 angalau kwa mlango wa nyuma kapata pointi.
Kwenye IST komputa iko juu, nyuma ya glavu boksi. Maji ya kuosha injini kuifikia lazima yafuate shada la nyaya kupitia mpira wa ukuta wa moto, lile bati linalotenga injini na kabini. Inatokea, ila si rahisi kwa mwosho mmoja.

#17 Kipuri_Used_Ilemela
Inatokea.

#18 Mama_Probox
Ndiyo nimesema inatokea. Shusha glavu boksi, shika koneta, angalia kama kuna unyevu au unga wa kijani. Dakika 10, na hakuna anayekutoza.

#19 Kijana_wa_Mabatini
Hamjasema imobilaiza. Funguo yenye chipu, chipu ikifa gari halitawaka.

#20 Binti_Pasiansi
Imobilaiza ya Toyota haizimi taa ya cheki injini. Stata inazungusha, pengine gari linashika sekunde moja na kuzima, lakini taa ya ON ipo, na skana inayofaa itakupa B2799 au ndugu zake. Kwa #4 haiingii. Na IST nyingi za soko la Japani hazikuja nayo kabisa. Toa funguo, angalia kama kuna kataa kekundu kanakopepesa kwenye dashibodi. Hakapo? Funga mjadala huo.

#21 Volti12
Mtoa mada aliuliza pia habari ya kufunga ya mtumba, hilo limepitwa. Mtu akinunua, aangalie hivi.

Namba kwanza. Stika ya komputa ya injini ya Toyota inaanza na 89661. Tarakimu mbili zinazofuata ni familia ya gari: 52 ndiyo ya Vitz, IST na jamaa zao, 12 Corolla, 26 Hiace. Zinazobaki ndizo zinazotenganisha otomatiki na manyuo, gurudumu mbili na nne, mwenye imobilaiza na asiye nayo, throto ya kebo na ya umeme. Soketi zinaweza kuingia zote bila shida, gari likawaka, halafu gia zisibadilike au feni isiitike. Kuingia kwa soketi hakuthibitishi lolote. Tafuta namba ileile mpaka tarakimu ya mwisho.

Ukishapata: toa funguo, ondoa hasi ya betri, subiri dakika chache, gusa chuma cha bodi kabla ya kushika pini. Koneta zina kilimi cha kubonyeza, usivute kwa nyaya. Kabla ya kuchomeka mpya, kagua pini zote kwa tochi kama kuna iliyopinda. Rudisha betri, weka ON usipige stata, tazama cheki injini. Ikiwaka, piga stata. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) itayumba mwanzoni, iache ingurume bila AC mpaka feni ya radieta ipige na kuzima, kisha itembee na isimame mara kadhaa ijifunze.

Komputa hizi za 2003 programu yake nyingi imeshachomwa kiwandani, hakuna cha kuflashi. Mileji haimo humo, iko kwenye saa za dashibodi, kwa hiyo atakayekutoza hela ya kurekebisha mileji baada ya kubadili boksi la IST muulize anarekebisha nini.

#22 Kijana_wa_Mabatini
Na zenye imobilaiza je? Maana si wote humu wana IST.

#23 Chipu_Nane
Njia tatu, kwa mpangilio wa usalama.

Ya kwanza, gari lenye kiboksi cha imobilaiza kilichojitenga na komputa ya injini: unganisha pini 4 na 13 za soketi ya uchunguzi kwa waya, weka ON bila kuwasha, acha dakika 30. Komputa na kiboksi vinatambuana. Weka chaja kwenye betri, isianguke katikati.

Ya pili, komputa inayohifadhi funguo ndani yake: pembeni kuna chipu ya kumbukumbu yenye miguu nane, mara nyingi 93C56 au 93C66. Unaihamisha kutoka boksi la zamani kwenda jipya. Kama boksi la zamani limekufa sehemu ya umeme, chipu bado ina data. Isome mara mbili, linganisha mafaili, zikitofautiana usiandike kitu, mguu haujashika vizuri. Hewa ya moto kali na ya muda mrefu inang'oa shaba ya kadi, na hapo umeua boksi la pili.

Ya tatu, kuifanya bikira, yaani kuandika data ya komputa isiyojua funguo yoyote, kisha inajifunza funguo zako. Inafanya kazi kama faili ni ya namba ileile. Mafaili ya mtandaoni yasiyo na namba ni bahati nasibu.

BMW, VW na Mercedes ni uzi mwingine. Huko komputa, funguo na kufuli ya usukani vimefungishwa ndoa, usinunue ya mtumba kabla ya kuongea na mwenye vifaa.

#24 Kirumba_Mwaloni
Pini 4 na 13 si ndizo za kusoma kodi, namba za hitilafu, kwa kupepesa taa?

#25 Chipu_Nane
Ndizo hizohizo, CG na TC. Ukiziunganisha na kuweka ON, komputa hai itapepesa cheki injini. Kupepesa haraka kwa mwendo sawa maana yake hakuna kodi. Kwa mtoa mada haisaidii kwa sasa, taa yenyewe haiwaki. Chunga usiguse 16, hiyo ni chanya ya betri moja kwa moja.

#26 Dereva_Hiace
Huyo #25 ameokoa fyuzi za watu wengi leo. Kuna mmoja humu, simtaji, anafunga fyuzi kwa karatasi ya pakiti ya sigara.

#27 MzeeWaEthi
Karatasi ya sigara ilikuwa enzi za platini na kondensa, acheni uchokozi.
Nirudi kwenye mada. Je, taa ya cheki injini yenyewe ni nzima? Mtu anaweza kuwa aliitoa balbu kuficha tatizo kabla ya kukuuzia gari. Chomoa koneta ya komputa, tafuta pini ya W (ya taa hiyo), iguse na ethi kwa waya huku ON. Balbu ikiwaka, dashibodi na waya ni vizuri. Balbu ndiyo inayozuia ampea hapo, haichomi kitu. Lakini hakikisha ni W kweli, usiguse pini kwa kubahatisha.

#28 Fundi_wa_Mtaro
Hiyo ni hoja nzuri. Gari la Japani lililobadilisha mikono mara tatu, balbu ya cheki injini kutolewa ni jambo la kila siku.

#29 Igoma_Mwisho
Wabeja wakuu. Nimepima na jirani mwenye mita:
– W nikiigusisha na ethi, taa inawaka.
– BATT (pini inayotoka betri moja kwa moja) 12.4.
– +B kwenye ON inasoma 12.1.
– E1 wakati wa stata 0.04.
– VC kwenye sensa ya throto 0.6. Nimechomoa sensa, bado 0.6. Throto ni ya kebo.
– Koneta za komputa kavu, hakuna kijani.

#30 MzeeWaEthi
Ethi imetoka kwenye orodha, 0.04 ni nzuri. Nakubali.

#31 Kipuri_Used_Ilemela
12.1 inaingia, 5 hazitoki. Mimi nilisema tangu #8.

#32 Fundi_wa_Mtaro
Bado. Kuchomoa sensa kunaondoa sensa, hakuondoi waya. Kati ya throto na komputa kuna zaidi ya mita moja ya shada linalopita nyuma ya injini. Toa pini ya VC kwenye koneta ya komputa (kuna kufuli ya plastiki, iinue kwa sindano), chomeka koneta bila pini hiyo, kisha pima kwenye mguu wa komputa wenyewe. Ikirudi 5, waya unashoti. Ikibaki 0.6, ndipo #31 apige simu.

#33 Binti_Pasiansi
Na mimi sijaridhika na 12.1 ya +B. Mita haili umeme. Waya ulioliwa ukabaki nyuzi mbili utakuonyesha 12 mpaka uuombe kazi. Chomoa komputa, chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishe kati ya pini ya +B na ethi, weka ON, pima volti balbu ikiwa inawaka. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1.75. Inatakiwa ibaki juu ya 11 na kitu. Ikishuka, una upinzani njiani: soketi ya rilei, makucha ya fyuzi, au koneta ya kati.

#34 Mwosha_Magari_Kamanga
Naona waosha magari tunasulubiwa. Sema mteja ndiye anayetaka injini ing'ae kama sahani.

#35 Mama_Probox
Ing'ae, lakini: injini ipoe, kasha la fyuzi, altaneta na koneta za koili zifunikwe na mfuko wa nailoni, brashi na maji ya bomba badala ya presha, kisha ingurume dakika 15 bila boneti kufungwa. Na muoshe mbali na maji, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni kwa shughuli za kudumu.

#36 Mwosha_Magari_Kamanga
Mita 60 si ni katikati ya barabara hapo?

#37 Kirumba_Mwaloni
😂😂

#38 Chipu_Nane
Wakati tunangoja vipimo: komputa kufa peke yake bila kuuawa ni nadra, ila ipo. Agosti 2010 Toyota iliita zirudishwe kurekebishwa Corolla na Matrix zaidi ya milioni 1.1 za Marekani na Kanada, za modeli za 2005 hadi 2008, kwa sababu hiyohiyo. Solda za sehemu fulani au varista (vipuri vya kukinga kadi na volti kubwa) zilikuwa zinapasuka. Gari linakataa kuwaka, linashtua gia, au linazima njiani. Kwa hiyo anayesema boksi la Toyota halifi bila maji, hapana.
Kundi lingine ni komputa za miaka ya 1990. Mitsubishi za wakati ule, Lexus LS400, Toyota zenye injini za JZ: kapasita zinavuja, maji yake yanakula njia za shaba, ukifungua kunanuka kama samaki. Hizo unabadilisha kapasita za joto la digrii 105, unasafisha kadi kwa spiriti ya isopropili na mswaki laini, unaunganisha njia zilizokatika kwa uzi mwembamba. Usisafishe kwa petroli wala thina. Na ukifunga kasha usitumie silikoni inayonuka siki, asidi yake inaendelea kula shaba ndani.

#39 Nissan_Buzuruga
Na zinazouawa na jirani. Nissan Maxima A33 za 2000 na 2001, vali ya sailensi inapitisha maji ya radieta. Maji yakiingia kwenye koili zake, inashoti na kuchoma transista ndani ya komputa. Mtu ananunua boksi, anafunga, linakufa papo hapo, analaumu muuzaji. Vali na komputa vinabadilishwa pamoja au usibadilishe kabisa.
Nissan za throto ya umeme ukibadili komputa zinapanda sailensi mpaka uifundishe. Injini ipate joto, AC na taa zizimwe, usukani unyooke, betri isiwe chini ya 12.9 ikinguruma. Zima sekunde 10. ON bila kukanyaga sekunde 3. Kanyaga mpaka mwisho na kuachia mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga ushikilie kama sekunde 20, cheki injini itapepesa kisha itawaka moja kwa moja. Achia ndani ya sekunde 3, washa, iache sekunde 20. Tumia saa ya simu, ukikosea sekunde inakataa bila kukuambia.

#40 Volti12
#39 umegusa jambo ambalo mtoa mada alishike hata akithibitisha boksi limekufa: nani kaliua? Kabla ya kuchomeka jingine pima mizigo yote. Nozeli za NZ ziwe karibu ohmi 14. Vali ya VVT (ya oili, inayobadili muda wa vali za injini kufunguka) kati ya 6.9 na 7.9 kwenye digrii 20, mchana wa Mwanza itazidi kidogo. Moja ikisoma ohmi 2, hiyo ndiyo muuaji. Koili za moto za NZ zina igniter (saketi ya kuendesha koili) yake ndani, komputa inazipa ishara tu, kwa hiyo si za kwanza kushukiwa.
Na wanaochomelea bodi bila kutoa hasi ya betri wasije kuuliza humu.

#41 Igoma_Mwisho
Vipimo vya #32 na #33:
– VC pini imetolewa, kwenye mguu wa komputa: 0.6 ileile.
– +B na balbu ya wati 21: inaanguka mpaka 8.1, balbu hafifu.
– Nozeli zote 14 na pointi.

#42 Kipuri_Used_Ilemela
Tumemaliza. Nipigie.

#43 Binti_Pasiansi
Hatujamaliza hata. +B inaanguka mpaka 8, unahukumuje komputa iliyonyimwa chakula? Tengeneza hiyo njia kwanza, ipime ikiwa na umeme kamili.

#44 Chipu_Nane
Dada, 8.1 ni kwa balbu ya ampea 1.75. Komputa yenyewe haivuti kiasi hicho ikiwa ON tu, kwa hiyo ikichomekwa inapata zaidi, na 12.1 ya #29 ilipimwa ikiwa imechomekwa, kama sijamsoma vibaya. Saketi ya volti 5 inatosheka na 8. Naona makosa mawili tofauti: njia ya +B imeoza, na saketi ya 5 imekufa.

#45 Binti_Pasiansi
Kama imechomekwa. Hakusema. Na saketi ya 5 iliyokufa haivuti umeme, kwa hiyo +B itasoma 12 vizuri hata kwenye waya mbovu. 12.1 hiyo haimtetei mtu.

#46 Fundi_wa_Mtaro
Nakaa katikati. Peleka waya wa muda kutoka chanya ya betri, wenye fyuzi ya ampea 10, moja kwa moja kwenye pini ya +B, huku waya wa zamani umetolewa kwenye koneta. ON. Taa ya cheki injini ikiwaka, tafuta ubovu kwenye kasha la fyuzi. Isipowaka na VC ikabaki 0.6, hapo hata mimi nitakuchangia hela ya boksi. Usizidishe fyuzi, na waya wa muda usibaki kuwa wa kudumu, hautazima ukitoa funguo.

#47 Dereva_Hiace
Samahani kuingilia, Noah ya AZR60 yenye D4 (mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda), nozeli hazipigi, nayo ni kontrol boksi?

#48 Chipu_Nane
1AZ-FSE ina boksi la pili, EDU, linalopandisha volti za kuendesha nozeli za presha. Komputa inaiagiza tu. Moto upo kwenye plagi na cheki injini inawaka? Anza na EDU, umeme wake na ethi yake. Fungua uzi wako, hapa tutachanganyikiwa.

#49 Igoma_Mwisho
Wakati wa 12.1 ilikuwa imechomekwa, nilipima kwa nyuma ya koneta. Waya wa muda najaribu kesho mchana, fyuzi za 10 zimeisha kwa jirani. Nikilazimika kununua, stika ya boksi inasoma 89661-52 halafu zilizobaki zimefutika.

#50 Volti12
Soma namba ya chasisi kwenye kibao, ile inayoanza NCP60, pamoja na mwezi wa kutengenezwa. Katalogi ya vipuri ya Toyota ukiiingizia chasisi nzima inakupa 89661 kamili. Usikubali "inafanana" ya mtu yeyote kabla ya hapo, akiwemo #42.

#51 Kipuri_Used_Ilemela
Niletee chasisi, katalogi ninayo. Ila yangu ukishachomeka hairudi.